Shada la Juu ya Paa

Asubuhi hiyo Odile Collot alikwenda sokoni kununua maua ya nyumba ya baba yake, na baba yake hakumtuma.

Alipita upesi kati ya meza za jibini na meza za samaki, kikapu mkononi, macho chini, maana hakutaka kuulizwa. Alijisumbua bure. Jumamosi asubuhi mji mzima wa Troyes huwa umo sokoni, na habari ya paa la Collot ilikuwa imeshazunguka meza zote kabla yeye hajafika.

"Ya paa?" aliuliza muuza maua, mama mnene ambaye sauti yake haikujua kunong'ona.

"Ya paa."

"Basi weka chini hayo madogo. Hayo ni ya kumpelekea mgonjwa. Paa la mwaloni, nyumba ya kona, halafu uende na vijimaua viwili? Utatuaibisha sote." Akaanza kuchomoa maua makubwa ndooni, mekundu na ya manjano. "Lakini mimi nilisikia baba yako Armand kakataa."

"Umesikia nini?"

"Nimesikia kasema hatoi hata jani la kitunguu."

"Basi nifungie, mama. Fungia kubwa."

Muuza maua akamtazama vizuri, kisha akaongeza maua mengine bila kusema kitu. Hilo peke yake lilitosha kumfanya Odile atake kulia.

Troyes wana desturi yao. Maseremala wakimaliza kusimamisha kenchi za paa, kabla vigae havijapanda, mwenye nyumba hutoa shada la maua, nalo hupigiliwa juu kabisa kwenye mwamba wa paa, ule mti wa kileleni, saa sita mchana, mtaa wote ukitazama. Anayelipandisha kwa mkono wake ndiye mwenye nyumba. Hivyo ndivyo mtaa unavyoelewa, wala hauombi kuona hati. Na mwenye nyumba akinyima maua, maseremala hupigilia ufagio. Kulikuwa na nyumba karibu na kanisa iliyopewa ufagio enzi za babu zao. Wenyewe wameshakufa, imeuzwa na kuuzwa tena, na mpaka leo watu huiita Nyumba ya Ufagio.

Kazi ya paa la Collot ilichukua kiangazi kizima. Kwanza walibandua lipu ya kijivu iliyoficha uso wa nyumba, na chini yake zikatokea mbao za kale zilizopishana, na katikati ya mbao udongo uliokandwa na majani makavu. Kisha wakafungua paa. Familia ikaishi chini ya turubai, duka likaendelea kuuza soseji za utumbo kama kawaida, na juu ya vichwa vyao wanaume walipiga nyundo kutwa. Mmoja wa wanaume hao alikuwa Goulven Kerbrat.

Goulven alikuwa Mbretoni, mwenyeji wa pwani ya mbali magharibi, mtu mrefu wa maneno machache, aliyekuwa kwenye chama cha mafundi wasafiri. Vijana wa chama hicho hawakai. Kila mwaka mji mwingine, mkubwa wa kazi mwingine, namna nyingine ya kukata mti, mpaka miaka yao ya safari itimie ndipo waitwe mafundi kamili. Anayekataa kuhama amejitoa. Mwaka wake wa Troyes ulikuwa unaisha, na Jumatatu alitakiwa awe ndani ya treni ya kwenda Tours.

Alikuwa amemwomba Odile waende wote. Odile alikuwa hajamjibu. Alhamisi jioni, akiwa amesimama kwenye ngazi ya dari, mkono wake umo ndani ya mkono wa Goulven na jibu liko karibu na midomo, Armand Collot akapanda kutafuta kamba ya kufungia nyama. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alimtazama seremala, akamtazama binti yake, akasema, "Hakuna maua," akashuka.

Sasa Odile alikuwa akirudi na shada kubwa kuliko kifua chake, na moyo wake ulikuwa umegawanyika. Akilipandisha mwenyewe, mtaa mzima utasema Odile Collot amekubali kuwa mwenye nyumba, kwa hiyo haondoki tena. Asipolipandisha, Goulven ataondoka mjini na ufagio juu ya kazi yake nzuri kuliko zote. Kati ya mawili hayo alikuwa amechagua maua. Jibu la Tours bado hakuwa nalo.

Dukani Armand alikuwa akimfungia Bibi Lambinet soseji zake za Jumapili. Aliliona shada kabla hajamwona binti.

"Maua ya nani hayo?"

"Ya nyumba."

"Nyumba gani?"

"Hii uliyosimama ndani yake, Baba."

Armand aliendelea kukunja karatasi. "Nyumba hii ina mwenyewe."

"Ina mwenyewe, lakini mwenyewe kanuna."

Bibi Lambinet akakohoa kuficha kicheko. Armand akasema, "Utuwie radhi, Bibi Lambinet. Huyu mtoto ana homa."

"Homa hiyo naijua, Armand. Iliniingia nikiwa na umri kama wake, na haikunitoka mpaka nilipoolewa. Hata nilipoolewa haikutoka yote." Akachukua kifurushi chake, akamgusa Odile begani, akatoka taratibu kuliko kawaida yake, huenda akasikia zaidi. Armand akamfuata, akafunga mlango wa kioo.

"Mwaka juzi alikuwa Strasbourg," alisema. "Mwaka jana Nîmes. Kila mji ana msichana wa kumshikia ngazi?"

"Sijui. Muulize mwenyewe."

"Sina la kumuuliza mtu ambaye maisha yake yote yanaenea kwenye sanduku moja."

"Lakini kichwa chako umekilaza chini ya kazi ya mikono yake."

"Paa nimempa kazi mkubwa wake, na nimemlipa. Binti sikumpa mtu!"

"Mimi si kitu cha kupewa mtu, Baba."

Armand akashika kaunta kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwenye mikono mizito na moyo mwepisi, na watu wa namna hiyo wakikasirika huonekana wanaumwa. "Mama yako alifia chumba cha juu," alisema. "Baba yangu alizaliwa chumba hicho hicho. Wewe unataka kwenda kuishi mji ambao hakuna hata mtu mmoja anayejua jina la mama yako. Kwa ajili ya nani? Kijana ambaye mimi sijawahi kumsikia akisema maneno kumi."

"Kwangu anasema."

"Hapo ndipo ninapoogopa."

Odile akainua shada kutoka kwenye kaunta. "Maua haya hayahusu Tours. Kazi imefanyika, ni nzuri, na haistahili ufagio. Ukikataa kulipandisha, nitalipandisha mimi."

"Ukilipandisha wewe, unajua mtaa utasema nini?"

"Najua."

"Watasema Odile ndiye..." Armand akanyamaza katikati. Odile aliona uso wake ukibadilika, hasira ikitoka na kitu kingine kikiingia, kitu chepesi zaidi, karibu furaha. Alikuwa ameielewa hesabu ya mtaa. Akavua aproni, akamfungulia binti yake mlango wa ngazi kwa heshima kana kwamba anamfungulia meya.

"Panda," alisema. "Panda, mwanangu. Wakuone wote."

Lile "panda" lilimuuma Odile kuliko lile katazo la Alhamisi.

Kichochoro kilikuwa kimeshajaa. Dirisha la jikoni kwao linatazamana na la shangazi yake Huguette, dada wa Armand, kwa ukaribu wa kupokezana chumvi, na kwa kweli hupokezana. Shangazi alikuwa ameegemea pale na nywele zake amezitengeneza kwa ajili ya tukio.

"Umevaa viatu gani?" alimpigia kelele Odile alipopita jikoni na shada.

"Vya kawaida, shangazi."

"Vua. Juu kule utateleza. Halafu nyanyua kidevu. Unapanda kwa Mungu wako au kwa mpenzi wako?"

"Leo wote wako juu."

"Toba!" shangazi akasema, akacheka mpaka akashika mdomo, kisha akaacha kucheka. Alimwangalia mtoto wa kaka yake akitoweka kwenye ngazi, na macho yake hayakuwa na mzaha.

Odile akapanda miguu mitupu. Akapita chumba chake. Akapita chumba alichofia mama yake. Akaingia dari, mahali alipoanikia nguo tangu utotoni, mahali palipokuwa na giza, vumbi na buibui, na tangu kazi ianze alikuwa hajaruhusiwa kuvuka kidato cha juu cha ngazi. Akainua kichwa. Akasimama.

Asubuhi ile turubai lilikuwa limeondolewa. Mbao zilipanda kutoka pande zote mbili, moja baada ya nyingine, nzito na nyeupe, zikakutana juu kabisa angani, na kati yake ilikuwa samawati tupu ya Septemba. Katikati ya mbao mpya zilisimama za kale, nyeusi kama masizi, na alipofuatisha kwa macho hakuweza kuona ni wapi ya kale iliishia na mpya ikaanzia. Hapakuwa na msumari unaoonekana. Kila kitu kilikuwa kimeingia ndani ya kitu kingine na kutulia. Harufu ya mwaloni ilimjaa kifuani. Nyumba aliyodhani anaijua kila pembe ilikuwa na ukubwa huu juu yake siku zote, na yeye akiwa chini anakata vitunguu.

"Mungu wangu," alisema kwa sauti ndogo.

Mkubwa wa maseremala, mzee mwenye ndevu za mvi, akampa mkono kumvuta hadi jukwaa la mwisho. Pale juu mji mzima ukamfungukia mara moja. Mapaa ya vigae vya kahawia yalishikana na kuinama huku na huku, mabomba ya moshi yamepinda, madirisha madogo ya dari yanameta, na katikati yake makanisa yalitokeza moja moja. Kanisa kuu lilisimama na mnara wake mmoja, ule ambao mwenzake haukujengwa kamwe. Odile alikuwa amepita chini ya mnara ule kila Jumapili ya maisha yake. Leo alikuwa akiutazama usoni.

"Nani anatoa?" aliuliza mzee, kama desturi inavyotaka.

"Nyumba ya Collot."

"Kwa mkono wa nani?"

Odile akaona Goulven amesimama upande wa pili wa mwamba, nyundo mkononi. Hakuwa akimtazama mzee. "Kwa mkono wangu," Odile alisema. "Odile Collot."

Kengele za saa sita zilianza kulia. Goulven ndiye aliyepigilia shada, mapigo machache, bila haraka. Chini watu wakapiga makofi na miluzi, na juu ya kelele zote ikasikika sauti ya Armand Collot, nene na yenye ushindi:

"Mwenye nyumba! Mmemwona? Huyo ndiye mwenye nyumba!"

Uso wa Goulven ulikunjamana. Wenzake wakaanza kushuka kwenda kunywa divai ya mwenye nyumba, mmoja akimpiga mgongoni, na yule mzee, aliyeshuka wa mwisho, akawatazama wawili hao, akajifanya amesahau kitu chini.

"Hongera, mwenye nyumba," Goulven alisema.

"Usiniite hivyo."

"Mtaa mzima umekuita."

"Ulitaka ufagio?"

"Ningependa ufagio na wewe, kuliko maua na kuachwa." Akageuka upande. Alikuwa anakusanya vigingi vilivyobaki, kimoja kimoja, kazi isiyokuwa na haraka hata kidogo. "Nimekuelewa, Odile. Sikulaumu. Ni nyumba nzuri."

"Hujaelewa kitu. Hata mimi mwenyewe sijaelewa. Acha vijiti hivyo. Nionyeshe ulichofanya."

"Umekiona."

"Nimekiona lakini sijui ninachoona. Nionyeshe."

Goulven akasita. Kisha akaweka vigingi chini, akamshika mkono, akampeleka chini ya boriti kubwa nyeusi iliyovuka nyumba nzima. Akauweka ule mkono juu ya mbao. Palikuwa na mikato midogo, mistari iliyochorwa kwa patasi, miwili na mmoja wa mshazari.

"Mafundi wa kwanza," alisema. "Waliukata mti chini, wakatia alama kila kipande kijue mwenzake, ndipo wakapandisha. Alama hii inakwenda na ile pale. Umeiona? Mti huu ulikuwa umesimama msituni kabla mnara ule haujaanza kujengwa."

"Walikuwa akina nani?"

"Hakuna ajuaye. Walikuja, wakafanya, wakaondoka. Siku niliyoiona alama hii mara ya kwanza nilikaa chini. Wenzangu walidhani nimepigwa na jua." Alikuwa anaongea sasa kama alivyoongea naye peke yake, maneno yakifuatana. "Mwisho wa boriti hii ulikuwa umeoza. Mwingine angeing'oa yote. Mimi nikaomba niikate palipooza tu, nichonge mdomo wa kuungia, niunge mpya. Kazi ya wiki nzima. Weka kidole hapa. Unasikia mshono?"

Odile alipitisha kidole. Hakusikia chochote. Machozi yakaanza kumtoka, na hakuona haya.

"Njoo uone na hiki," Goulven alisema kwa upole, akampeleka upande wa kichochoro, pale paa la Collot na paa la Shangazi Huguette yalipoinamiana mpaka yakaonekana kugusana. "Mtaa mzima wanasema nyumba hizi mbili zimeshikana vichwa. Ukiigusa moja, nyingine inaanguka. Sivyo?"

"Kila mtu anajua hivyo. Baba aliogopa hata kufungua paa."

"Na sisi tuliogopa. Nyoosha mkono."

Odile akanyoosha mkono kati ya mapaa mawili, na mkono ukapita. Ukapita mpaka kiwiko, mpaka bega, na hewa baridi ya kichochoro ikamgusa vidole kutoka upande wa pili.

"Hazigusani," alisema.

"Hazijawahi kugusana. Kila moja inasimama kwa miguu yake."

Alibaki na mkono wake pale kwa muda, akipepea vidole katika nafasi ambayo hakuna Collot aliyejua kuwa ipo. Kule chini baba yake alikuwa akicheka na watu, akimimina divai. Alimsikia vizuri kabisa.

"Sema nibaki," Goulven alisema nyuma yake. "Nitaandikia chama kesho. Mkubwa ana kazi hapa za miaka. Sema tu."

Hapo ndipo jibu lilipomfikia Odile, na lilimshangaza kwa jinsi lilivyokuwa jepesi. Angeweza kumfanya mtu huyu abaki. Neno moja tu. Angebaki, angekula soseji za baba yake, na kila ambapo angenyanyua macho kwenye paa asilojua jinsi ya kulijenga angenyamaza, na Odile angejua ananyamazia nini.

"Sisemi," alijibu. "Hilo silisemi hata siku moja."

"Odile..."

"Ningesema, ningekuwa nimekukata pasipooza." Akamgeukia. "Jumatatu nakuja nawe Tours."

Goulven alimtazama kama mtu aliyesahau lugha. Kisha akamshika uso kwa mikono yake iliyojaa vumbi la mwaloni, akambusu, na Odile akamshika shati kwa nguvu, maana walikuwa juu sana na pia kwa sababu alitaka kumshika. Kutoka dirisha lake la dari Shangazi Huguette aliona kila kitu. Akafunga pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ahamie pale.

"Na baba yako?" Goulven aliuliza.

"Hiyo ndiyo kazi iliyobaki. Njoo ule nasi."

"Nani kanialika?"

"Mwenye nyumba," Odile alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakacheka.

Mezani Armand alikuwa na furaha ya kutisha. Alikuwa ametoa chupa aliyoificha kwa ajili ya sikukuu. Shangazi Huguette alikuwa amevuka kichochoro na bakuli lake la saladi. Alipomwona Goulven mlangoni, ameshika kofia, Armand alisita kidogo tu; mshindi anaweza kuwa mkarimu.

"Kaa, kijana, kaa! Umefanya kazi. Mimi si mtu wa kinyongo. Mkate huo, kata mwenyewe. Tours wana divai nzuri, nasikia."

"Baba," Odile alisema.

"Kula kwanza."

"Jumatatu ninaondoka na Goulven."

Armand aliendelea kupaka haradali kwenye soseji yake. Alipaka mpaka sahani ikajaa. "Mtaa wote umekuona juu," alisema.

"Wameniona nikitoa maua. Nimeyatoa kwa moyo wangu wote. Nyumba ni yako, Baba. Siku zote ilikuwa yako."

"Utalala wapi? Nyumba ya chama chao hawapokei wasichana."

"Nitatafuta chumba."

"Utakula nini?"

"Nitatafuta kazi. Nina mikono. Umenifundisha mwenyewe."

"Bwana Collot," Goulven alianza, "mimi namheshimu..."

"Wewe nyamaza, usianze kuongea leo." Armand akaweka kisu chini. Aliangalia kiti cha Odile, kile karibu na jiko, na sauti ikamtoka ndogo kuliko mwili wake. "Mimi nitakula na nani?"

Tangu Alhamisi Odile alikuwa amejiandaa kwa ghadhabu, kwa laana, kwa jina la mama yake. Kwa swali hilo hakujiandaa.

"Na mimi je?" Shangazi Huguette akasema. "Mimi ni paka?"

"Wewe unakula mapema mno."

"Nitachelewa."

"Na unatia siki nyingi."

"Basi utavumilia, Armand, kama mimi ninavyovumilia haradali yako." Lakini shangazi naye alikuwa amekunja leso yake mpaka ikawa kifundo.

Armand akasimama. Kiti kikagonga ukuta. Akatoka mezani kabla watu hawajamaliza kula, kitu ambacho hata kwenye msiba hakukifanya, na wakasikia hatua zake zikishuka dukani. Goulven akainuka amfuate. Odile akamshika mkono. "Mwache," alisema.

Halafu ikasikika simu ya dukani ikizungushwa, taratibu, namba moja baada ya nyingine.

"Fernand? Ni Armand. Armand wa Troyes, nani mwingine... Mzima, mzima. Goti tu." Wakasikia anavuta pumzi. "Sikiliza. Duka lako la soseji bado liko pale nyuma ya kanisa kuu la Tours? ... Una nafasi ya mtu? ... Ndiyo, anajua kazi. Anajua kuosha utumbo, anajua viungo, anajua kuongea na wateja mpaka wanunue wasichotaka. Nimemfundisha mimi... Hapana, si kwa siku chache. Na chumba pia, Fernand, kile cha juu ya duka, chenye dirisha. Anapenda dirisha."

Odile alikuwa ameshafika katikati ya ngazi. Baba yake alikuwa amempa mgongo, mkono mmoja umeshika kaunta, aproni ikiwa bado juu ya msumari.

"Jumatatu," Armand alikuwa akisema. "Jumatatu jioni. Jina lake? Anaitwa..."

Alijaribu mara mbili. Kisha akageuka, akamwona binti yake kwenye ngazi, akamnyooshea mkono wa simu ili ataje jina lake mwenyewe.